Kope za Kubandika: Zipi Zinafaa Jicho Lako?

Mmoja wetu alibandika kope siku mbili kabla ya harusi ya mpwa wake. Asubuhi ya harusi aliamka macho yamevimba, yanatoka machozi, hata kitenge cha sare hakukivaa. Alifikia hospitali badala ya kanisani. Tangu siku hiyo tumeulizana sana: je, mama akitaka kubandika kope achague zipi ili asizipoteze zake za asili?

Swali hili si la saluni peke yake. Septemba 2018 Spika wa Bunge la Tanzania wa wakati huo, Job Ndugai, aliwazuia wabunge wanawake kuingia bungeni wakiwa na kope na kucha za bandia, baada ya naibu waziri wa afya kueleza madhara yake. Wako waliocheka na wako waliokasirika, lakini mazungumzo yalifika hadi jikoni.

Hebu tuanze na kope zenyewe. Hazikuwekwa pale kwa urembo tu. Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Institute of Technology, Marekani, walipima kope za wanyama wengi wanyonyeshao, wakaona urefu wake hukaribia theluthi moja ya upana wa jicho. Kwa urefu huo kope hupunguza upepo na vumbi linalolifikia jicho. Zikizidi sana urefu huo, huuelekeza upepo ndani na jicho hukauka upesi. Kope zetu za juu kwa kawaida huwa na milimita 8 hadi 12. Basi fundi akikutolea boksi la milimita 18, mwambie arudishe. Zisizopita zako kwa zaidi ya milimita mbili au tatu zinatosha, na tunadhani hupendeza zaidi, kwa sababu watu watakuangalia wewe badala ya kope.

Jambo kubwa zaidi ni namna zinavyobandikwa. Kope hazina umri mmoja. Leo huu unachipua, ule umekomaa, mwingine uko tayari kudondoka. Kila siku hudondoka chache, na hilo ni la kawaida. Sasa, zile za vishada ambazo saluni nyingi hubandika kwa haraka hushika kope tatu au nne kwa tone moja la gundi. Ule uliokomaa unapodondoka humvuta mdogo wake ambaye bado anakua. Mvuto huo ukirudiwa mwezi hadi mwezi, shina huchoka, na mahali pengine kope haziwezi kurudi tena. Hapo ndipo mama hujikuta hawezi kutoka nyumbani bila za bandia.

Kwa hiyo omba ubandikiwe ukope mmoja juu ya ukope mmoja, kwa kibano, na gundi isiguse ngozi. Iachwe nafasi ya kama milimita moja. Unene wa 0.15 unazitosha kope za wengi. Kama zako ni nyembamba, chukua pungufu ya hapo. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili huku umefumba macho, tena bei yake iko juu. Fundi anayekumalizia kwa dakika kumi na tano hafanyi kazi hiyo.

Gundi nyingi za kope ni za ukoo mmoja na supaglu, na zinaweza kutoa mvuke wa fomaldehaidi unaowasha macho. Mwombe fundi akubandikie kope mbili tatu tu, kisha usubiri siku mbili. Wala usijiamini kwa kuwa mara ya kwanza hukudhurika, maana aleji huweza kuanza hata mara ya tano. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likitoa usaha, nenda kwa daktari wa macho kabla ya kurudi saluni.

Wako wanaoogopa kunawa ili zisitoke. Uchafu ukikaa kwenye shina huleta uvimbe wa kingo za macho, kwa hiyo nawa kila siku kwa sabuni laini isiyo na mafuta. Jihadhari na joto la jiko, kwani nyuzi za bandia hujikunja zikiungua. Na mwenye mtoto mchanga anajua vile vidole vidogo hupenda kushika nini!

Zikianza kupukutika baada ya wiki mbili au tatu, usizivute. Fundi ana dawa ya kulainisha gundi. Kwa sherehe ya siku moja, sisi tungechagua zile za utepe, ambazo huvuliwa jioni kabla ya kulala.

Mwenzetu yule alitolewa kope zote na uvimbe ukaisha. Zake za asili zilichukua zaidi ya miezi miwili kujaza mapengo. Mpwa wake amejifungua sasa, na kwenye ubatizo shangazi alikuja na wanja tu.