Swichi Mbulu, fundi Arusha

Saccos ya Katesh ikitaka kuunganisha kompyuta sita, printa na kamera, muuzaji huweka mezani swichi za aina tatu. Ya kwanza ni ya kuchomeka tu, haina cha kurekebisha. Ya pili inasimamiwa: unaingia ndani yake kwa kompyuta na kupanga kila poti ifanye nini. Ya tatu, iliyoandikwa L3 kwenye boksi, hufanya pia kazi ya ruta, yaani kupitisha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kwa ofisi nyingi za Mbulu na Hanang, mimi ningenunua ya pili.

Sababu ya kwanza ni umbali. Fundi akitoka Arusha au Babati wakati wa mvua, unalipa nauli, posho na siku nzima ya kazi. Na hitilafu yenyewe huwa ndogo. Mtu anafagia, anaukuta waya unaning'inia, anauchomeka ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Taa zinapepesa kama wazimu, mtandao wote unalala. Swichi inayosimamiwa, kinga yake ikiwa imewashwa, huifunga poti hiyo na wengine wanaendelea na kazi. Fundi naye, akiwa ameandaliwa njia salama ya kuingia, anaiona poti yenye kasoro bila kupanda basi.

Sababu ya pili ni VLAN, mgawanyo wa mitandao ndani ya swichi unaotenga simu za wageni na rekodi za wanachama ingawa zote zinapita swichi moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaji swichi, ila inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Hiyo L3 je? Mitandao miwili mitatu inaweza kuunganishwa na ruta ileile inayoleta intaneti. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba kila kinachotoka mtandao mmoja kwenda mwingine kinapanda na kushuka kwa waya mmoja. Saccos haitausikia msongamano huo. Hospitali ya ukubwa wa Haydom itausikia, kwa sababu picha za CT za mgonjwa mmoja zinaweza kufika mamia ya megabaiti, na daktari anazitaka sasa hivi. Hapo L3 inalipa.

Kwa bei za nje, TP-Link TL-SG108E ya poti nane ni karibu dola 30 na VLAN inayo. MikroTik CRS326 ya poti 24 ni karibu dola 200, kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 18. Ina L3 pia, haidai ada ya mwaka, na ina nafasi mbili za faiba. Shule ambayo majengo yake yanaachana zaidi ya mita 100 itazihitaji: waya wa shaba hauvuki hapo, na faiba haipitishi umeme wa radi. Cisco Catalyst 9200 ni imara, lakini huuzwa pamoja na leseni ya miaka 3, 5 au 7. Hesabu na umeme: swichi ya wati 20 isiyozimwa hula uniti 175 kwa mwaka, kama shilingi 62,000 kwa LUKU ya shilingi 356 kwa uniti.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe, aingie ndani, abadilishe pasiwedi mbele yako. Akianza kutafuta wa kumpigia simu, nenda duka la pili.