Dawa Inayoamshwa na Mwanga

Mtoto akizaliwa na baka jekundu usoni, maneno huanza kabla mama hajaondoka kitandani. Hapa Musumba, kama penginepo, hawakosi watu wa kusema kwamba alimcheka mlemavu, au kwamba wazee wa ukoo wamekasirika. Twataka leo kuyajibu maneno hayo, kisha tueleze tiba moja ya ajabu ambayo wasomaji wachache wameisikia.

Baka tunalolisema ndilo Wafaransa waliitalo baka la divai. Kati ya watoto 1000, watatu hivi huzaliwa nalo. Halifutiki lenyewe, hukua pamoja na mtoto, na kwa miaka mingi huweza kukoza na kunenepa. Juu ya ngozi nyeusi huonekana la zambarau. Asili yake ni vijishipa vya damu vilivyopanuka ndani ya ngozi. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba katika mabaka hayo wamekuta badiliko dogo la jeni iitwayo GNAQ. Badiliko hilo hutokea mtoto angali tumboni, katika baadhi tu ya seli zake. Hakulirithi kwa mama wala kwa baba. Basi mume aliyemfukuza mkewe kwa ajili ya baka amemdhulumu bure.

Sasa tiba yenyewe. Mtu wa Kolwezi ajua kazi ya baruti migodini: hutiwa katika tundu la mwamba, ikalala kimya mpaka moto uifikie. Na dawa hii ndivyo ilivyo. Daktari humdunga mgonjwa mshipani dawa ya jamii ya porfirini, ndugu ya ile rangi inayoifanya damu iwe nyekundu. Baada ya dakika chache tu, dawa ingali ndani ya damu, hulimulika baka kwa mwanga wa kijani. Dawa huunyonya mwanga na kuipa oksijeni nguvu; oksijeni hugeuka kali, ikaziunguza kuta za vijishipa, navyo huziba. Ngozi iliyo juu yake husalimika, kwa maana baruti haikutiwa humo.

Mambo haya yalianza kuonekana Munich mwaka 1900, mwanafunzi Oscar Raab alipotangaza kwamba vijidudu vya majini vilivyotiwa rangi ya akridini hufa upesi penye mwanga kuliko gizani. Mwaka 1912 daktari Friedrich Meyer-Betz alijidunga porfirini mwenyewe. Alipotoka juani, uso na mikono vilimvimba vibaya. (Ujasiri wa namna hiyo hatumshauri mtu.) Madaktari wa China ndio walioielekeza njia hii kwenye baka la divai, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Walakini tusidanganyane. Mara nyingi hutakiwa vipindi kadhaa, na baka hufifia zaidi ya kutoweka. Kumulikwa huuma, ngozi huvimba, na mgonjwa hujificha jua wiki mbili hivi, jambo zito kwa mtoto wa mkulima wakati wa kiangazi chetu. Tena weusi wa ngozi hunyonya sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye mshipa, na madoa huweza kubaki. Yaliyofaa kwa Wachina yataka kupimwa kwa uangalifu kwa watu wetu. Na yule anayewauzia wazazi krimu ya kulifuta baka, au maji ya kuliunguza, awauzia kovu.

Uvimbe mwekundu unaotokea wiki chache baada ya kuzaliwa na kukua upesi ni jambo jingine. Huo kwa kawaida hunywea wenyewe baada ya miaka. Na tangu mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux walipotangaza habari zake, ule mbaya hutibiwa kwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo, chini ya uangalizi wa daktari.

Bali baka la divai likishika paji la uso na ukope, mtoto apelekwe kwa daktari mapema, asiongojee tiba ya mwanga. Pengine mishipa ya namna hiyo imo pia jichoni na juu ya ubongo, ikaleta presha ya jicho au kifafa. Akishikwa na degedege, apelekwe hospitali siku ile ile.