Nyoosha Mdomo Kwanza, Urefu Baadaye

Nchini Marekani wapo wapiga shabaha wanaojitengenezea vichwa vya risasi nyumbani. Kipande cha madini laini ya risasi hutumbukizwa ndani ya kikombe chembamba cha shaba, yaani koti, kisha vyote viwili hushindiliwa kwa mashine ya mkono ndani ya kalibu ya chuma kigumu mpaka vishikane. Ufundi huu ulipata nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vichwa vilipoadimika madukani. Mwaka 1943 Fred Huntington wa Oroville, California, alianzisha kampuni ya RCBS kwa kuuza kalibu za kugeuza maganda matupu ya risasi za .22 kuwa makoti ya vichwa vipya. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujitengenezea vichwa kwa matumizi yake. Nchini Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Hatua inayobishaniwa sana katika kazi hii ni kukata mdomo wa kikombe. Wengi hukata ili vikombe vyote vilingane urefu. Naona wanatafuta kitu cha pili kabla ya cha kwanza: faida kubwa ya kukata ni kuunyoosha mdomo.

Bati la shaba lililopitishwa kwenye rola hubaki na mwelekeo wa chembe zake, kwa hiyo likivutwa kuwa kikombe halinyooki sawa pande zote. Mdomo hutoka na mawimbi, mara nyingi manne, na upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Kwenye vichwa vya mashindano, ambavyo ncha zake huachwa wazi, mdomo huo ndio unaokuja kuwa ncha, na shaba iliyozidi upande mmoja husogeza kitovu cha uzito nje ya mhimili. Kichwa kinachotoka kwa mita 900 kwa sekunde, katika mtutu unaokizungusha mara moja kila sm 30, huzunguka karibu mara 3,000 kwa sekunde. Kitovu kikihama kwa milimita 0.01 tu, kichwa hupata mwendo wa pembeni wa karibu sm 19 kwa sekunde mara kinapoachana na mtutu. Kwenye mita 100 hiyo ni takriban sm 2 nje ya shabaha. Wimbi la mdomoni peke yake husogeza kitovu kidogo zaidi ya hapo, pengine huleta kosa la milimita moja kwenye shabaha. Lakini mashindano ambayo bunduki hulazwa mezani huamuliwa kwa milimita.

Atapinga mtu kwamba shinikizo la kalibu litasawazisha yote. Linasawazisha pale ambapo madini laini yanaisukuma shaba kutoka ndani. Kwenye ncha iliyo wazi hakuna kitu ndani cha kuisukuma, hivyo wimbi linabanwa tu na kubaki wimbi. Mwingine atasema amepima vichwa vyake na uzito unalingana. Mizani huhesabu jumla, haijui shaba imezidi upande gani. Na tofauti ya urefu, ile inayowasumbua wengi, ni nyepesi mno: milimita 0.1 ya ukingo wa koti la .22 lenye unene wa milimita 0.4 haifiki miligramu 6, wakati kichwa chenyewe kina gramu tatu na ushei.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba unene usio sawa wa ukuta unadhuru kama mdomo mbovu au zaidi, na hakuna mkato unaoutibu. Nakubali kabisa. Kwa hiyo kipimo cha unene kitangulie, na kikombe chenye ukuta wa unene usio sawa kitupwe kabla ya kukatwa. Vilivyosalia vivalishwe kwenye pini iliyonyooka na kukatwa kwa kisu cha kerezo, au visukumwe kwenye kalibu yenye ukingo mkali unaobana na kukata ziada. Kisu huacha ukingo wa miba kwa ndani. Usipoondolewa hukwangua madini laini yanapoingizwa, na ukwanguo huo unabaki ukutani upande mmoja, yaani kosa lile lile limerudi kwa njia nyingine. Kwenye vichwa vyenye ncha iliyofungwa, mdomo hukunjwa kitakoni, na hapo unyoofu una thamani kubwa zaidi, kwa kuwa kitako ndicho kinachosukumwa na gesi kichwa kinapotoka mtutuni.