Ruhusa, Uhusiano na Skima

Mwaka 2019 kampuni ya Google ilichapisha makala kuhusu mtambo wake wa kusimamia ruhusa, uitwao Zanzibar. Mtambo huo hutunza matrilioni ya orodha za ruhusa, na kila sekunde hujibu mamilioni ya maswali ya namna moja: je, mtu huyu anaruhusiwa kufanya jambo hili juu ya kitu hiki? Jina ni la kwetu, lakini istilahi zake hazijatulia katika lugha yetu.

Tuchukue mfano wa bandari ya Kigoma, ipitishayo shehena za Burundi na Kongo. Tuseme hati za ghala zimo katika kompyuta. Karani ameandikwa kuwa mtunza ghala; huo ni *uhusiano*. Kutokana nao anaweza kusoma hati. Hiyo ni *ruhusa*. Kanuni isemayo uhusiano upi huzaa ruhusa ipi ndiyo *skima*. Karani akihamishiwa Tabora, kinachofutwa ni uhusiano wake. Mwongozo ukiita vyote viwili ‘ruhusa’, msimamizi aweza kufuta ruhusa yenyewe, na watunza ghala wote wakafungiwa nje.

Siku hizi mafundi huandika skima katika faili, pamoja na maelezo ya mitambo mingine. Utaratibu huo twauita *miundombinu kwa msimbo*. Terraform, programu iliyotolewa mwaka 2014, husoma faili hizo, huonyesha *mpango* wa mabadiliko, kisha hufanya *utekelezaji*. Kinachoiunganisha na hifadhidata, kwa mfano SpiceDB iliyobuniwa kwa kufuata Zanzibar, ni *programu-jalizi*.

Programu-jalizi haina budi kupimwa kwa *jaribio la ukubalifu*: huunda skima halisi katika hifadhidata ya majaribio, huisoma tena ili kuilinganisha na faili, huibadili, kisha huiondoa. Jaribio lipime pia kukataliwa. SpiceDB haikubali uhusiano uondolewe katika skima iwapo kumbukumbu zake zingalipo. Hapo mfasiri aandike ‘imekataliwa’, wala si ‘imeshindikana’. Kwani neno la pili humfanya mtumishi adhani mtambo umeharibika, ilhali umemkinga.

Twapendekeza, basi, wafasiri na walimu watenge maneno haya tangu ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo, wala wasiyabadilishane kwa ajili ya kupamba lugha.