Kalamu na Riziki katika New Grub Street

Grub Street ulikuwa mtaa wa London walikoishi watunzi mafukara, walioandika chochote kilicholipiwa. Mwaka 1830 mtaa huo ulipewa jina jipya, Milton Street, lakini jina la zamani likabaki kuwa la waandishi wote wa njaa. George Gissing alilichukua akaiita riwaya yake New Grub Street, iliyotoka mwaka 1891. Ni vigumu kupata kitabu kinachoeleza kwa ukweli zaidi jinsi mwandishi anavyovutwa huku na sanaa, huku na kodi ya nyumba.

Wahusika wakuu ni wawili. Edwin Reardon ana kipaji na hataki kuandika upuuzi. Jasper Milvain anasema waziwazi kwamba uandishi ni biashara: mtu ajue soko linataka nini, ajuane na wahariri, auze. Msomaji wa haraka humchukia Milvain, na kweli anamwacha mchumba wake urithi wa binti huyo unapopungua. Hata hivyo hajidanganyi kuhusu kazi yake, ilhali Reardon hujidanganya kila siku.

Kinachommaliza Reardon hasa ni utaratibu wa biashara ya vitabu. Zama hizo riwaya mpya ilitolewa kwa juzuu tatu na kuuzwa shilingi 31 na peni 6, bei iliyowashinda wasomaji wengi. Wanunuzi wakubwa walikuwa maktaba za kuazimisha, ya Mudie ikiongoza. Kwa ada ya shilingi 21 kwa mwaka, mwanachama wa Mudie aliazima juzuu moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo riwaya moja iliwatosha wanachama watatu kwa mpigo. Maktaba zilifaidika, wachapishaji walikuwa na hakika ya mauzo, na mzigo wa kujaza juzuu tatu ukamwangukia mtunzi, awe na hadithi ndefu au fupi.

Gissing anatuonyesha mzigo huo mezani kwa Reardon. Kuieleza mandhari au kuichambua nia ya mhusika kunamchosha, basi anakimbilia mazungumzo: swali, jibu, swali, jibu, kwa kuwa mistari mifupi hujaza ukurasa upesi. Anajua anachoandika ni kibovu. Mwishowe anarudia ukarani, mkewe Amy anamwacha, na ugonjwa wa mapafu unamuua. Amy, aliyekwisha kurithi fedha, anaolewa na Milvain.

Rafiki wa Reardon, Harold Biffen, ni mkaidi zaidi. Anatunga riwaya juu ya muuza duka wa kawaida, bila kuongeza chumvi hata chembe. Nyumba anayopanga inaposhika moto, anahatarisha maisha kuuokoa mswada. Kitabu kinatoka, hakimletei chochote cha maana, na baadaye Biffen anajiua. Wakati huohuo bwana mmoja aitwaye Whelpdale anabuni gazeti la vijihabari vifupi kwa abiria wa treni na mabasi, wasioweza kutulia na habari ndefu. Hilo ndilo linalovuma.

Gissing aliyajua haya mwilini mwake. Aliandika riwaya hiyo kwa muda wa miezi kama miwili mwishoni mwa 1890, kwa juzuu tatu zilezile alizozilalamikia, kisha akauza hakimiliki yote kwa pauni 150. Matoleo yaliyofuata hayakumwingizia kitu. Chama cha Waandishi, kilichoanzishwa na Walter Besant mwaka 1884, kilikuwa tayari kinawahimiza watunzi wasiuze haki zao kiholela, lakini mwenye deni la leo hawezi kungojea mrabaha wa mwakani.

Mwaka 1894 maktaba zenyewe zikaukataa mtindo wa juzuu tatu kwa kudai bei ya chini, na katika miaka michache ukatoweka. Riwaya ya juzuu moja, kwa shilingi 6, ikawa ndiyo kawaida. Reardon angeweza kuiandika bila kuvuta maneno. Ila bei hiyo ya chini ilileta soko la wanunuzi wengi, na hilo ndilo soko la watu kama Milvain.