Ndoa ikivunjika, lupango ni ya nani?

Kwenye mikutano ya sendika, hapa Lukafu, tunasikia ile maneno kila mara: ndoa imevunjika, baba mwenye mushahara mukubwa anasema lupango iko kwa jina yake, gari pia. Mama anatoka na valizi na watoto.

Bandugu, sheria haisemi vile. Code de la famille ya 1987, iliyobadilishwa na sheria ya tarehe 15/7/2016, inatoa njia tatu za kupanga mali. Wenye kuoana wakikosa kuchagula, vitu vyenye walipata ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Mushahara, primu, lupango iliyonunuliwa kisha ndoa: vyote viko ndani, hata kama mama hakushuka mu mine siku moja. (Na chakula ya ule mwenye kutoka kungali giza, nani alikuwa anapika?) Lupango ya mbele ya ndoa, ao ya uriti, inabakia ya mwenyewe.

Tena, kama talaka inaacha mumoja pabaya, tribinali inaweza kumupatia mali ao franka. Watoto wanalishwa na wazazi wote, kila mumoja kwa nguvu yake.

Lakini ndoa iandikwe kwa leta. Kama mulitoa mali kwa wakwe tu, bila karatasi ya komini, ni shida kuonyesha mbele ya tribinali kama mulioana. Nyumba nyingi za watumikaji ziko vile. Muende kwa etasivili na bashahidi, ndoa ya kimila iandikwe. Na karatasi ya kununua lupango, muiweke pahali penye wote wawili munajua.