Je, Wajua? Herufi ya Kiti na Utakachokiona Dirishani
Kiti chenye herufi A huwa upande wa kushoto, ukiwa umeelekea kwa rubani. Ukisafiri usiku kutoka London kwenda Nairobi, ndege huelekea kusini, hivyo mashariki iko kushoto kwako. Alfajiri ikiwakuta angani, utaona kwanza utepe mwekundu, kisha jua lenyewe, kali, usoni. Anayetaka kulala achague kulia. Ukiunganisha kwenda Dar es Salaam, nawe kaa kulia, usikubali kiti kingine: kukiwa kweupe, Kilimanjaro, mita 5,895, hupita upande huo kwa kawaida, kilele chake, Kibo, kikichomoza juu ya mawingu. Ila epuka safu zilizo juu ya bawa, kwani bawa hufunika karibu kila kitu kilicho chini.